Zamu ya Kutazama Maji

“Asiingie, nimeshasema asi—”

“Mama, maji ya magotini tu jamani, magoti—”

“Magoti ya nani? Yako au yake? Yakikufika wewe magotini, yeye yako shingoni!”

“Ana boya, ana kofia, nimempaka mafuta ya jua mara mbili, nime—”

“Boya! Bahari inaogopa boya?”

“Basi tungebaki Taipei tukatazame feni ikizunguka!”

“Si nilisema tubaki? Nani alisema twende? Mwezi wa saba huu, mlango wa kuzimu uko wazi wiki ya pili sasa, watu wenye akili zao wanafua mapazia, nyie mnavaa chupi mnakwenda kuchezea maji!”

Yote haya kwenye maegesho ya magari, saa saba na nusu mchana, lami ikinukia kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Yunju alikuwa ameshika sanduku la barafu kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine. Mama mkwe wake, Mama Kimhua, alikuwa hakushika kitu ila hoja. Kati yao alisimama Boga, miaka sita, boya la rangi ya chungwa kiunoni, akigeuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira wa meza.

Na Tsungheng, mume mtu, alikuwa amechuchumaa anakagua tairi. Kila mama yake na mkewe walipoanza, Tsungheng alikwenda kukagua tairi. Miaka tisa ya ndoa. Hapakuwa na tairi zilizokaguliwa kama zile kisiwa kizima.

“We Tsu—” Yunju akajikata. “Wewe hapo! Sema kitu!”

“Upepo upo sawa,” alisema Tsungheng. Haikujulikana wa tairi au wa baharini.

Alijikata kwa sababu majina yalikuwa yamepigwa marufuku. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya safari. Mama Kimhua angekubali wote waende pwani ndani ya mwezi wa saba, ule wa kalenda ya mwezi wa angani, wafu wanapoachiwa watembee, iwapo tu masharti yake yangefuatwa. Mtu asiitwe jina lake karibu na maji. Asipigwe bega. Asipige mluzi. Akiona noti mchangani aiache ilivyo. Na la mwisho, ambalo Boga alikaririshwa garini kutoka Taipei mpaka milima ya Yilan: “Ukisikia unaitwa jina lako kamili, ufanyeje?”

“Nisiitike.”

“Na nini tena?”

“Nisigeuke.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu watu wangu wananiita Boga. Anayejua jina langu lote ni mtu wa majini.”

“Mwerevu huyu,” alisema Bibi, akampa njugu ya kuchemsha.

Yunju alikuwa na masharti yake pia. Alifanya kazi duka la dawa, na kila kiangazi waliletwa kwake walioungua migongo, watoto wenye masikio yaliyojaa maji machafu, baba mmoja aliyekanyaga samaki mwenye miba akakojolewa mguu na shemeji yake bure. Kwa hiyo pwani yeye alikwenda kama mtu anayekwenda kupasua mgonjwa. Maji ya kunywa kila nusu saa. Kivulini kuanzia saa sita mpaka saa nane. Supu ya choroko yenye sukari, baridi, kwenye chupa mbili, ya kutoa joto mwilini. Na sharti kubwa kuliko yote, filimbi nyekundu yenye kamba: anayeivaa ndiye mwenye zamu. Mwenye zamu anamtazama mtoto. Hatazami simu, hamenyi mayai, hasinzii, haongei na mtu ana kwa ana. Akiona lolote anapuliza.

Basi ukiyaweka masharti ya wawili hawa pamoja, familia ile ilikuwa imelindwa pande zote mbili za kaburi.

Wakashuka mchangani. Ufukwe ulikuwa nusu mtupu, maana mwezi wa saba wengi hawaji, na wanaokuja wanajifanya wamekuja kupiga picha. Mchanga mweusi, mawimbi mafupi, upande wa kushoto ukuta wa yale mawe ya saruji ya miguu minne, yamerundikwa ovyo kuvunja bahari. Kwenye kiti kirefu alikaa muokoaji, mama wa miaka hamsini na kitu aliyeungua na jua mpaka akafanana na kiti chenyewe. Waliokuja kila mwaka walimwita Dada Ayueh.

“Mmerudi,” alisema Dada Ayueh. “Na bibi pia. Bibi, mwaka huu utalowesha miguu?”

“Niloweshe kwa nini? Nina akili.”

Kila mwaka lile lile. Mama Kimhua alikataa safari, akaisema safari, akailaani safari, kisha siku ya safari alikuwa wa kwanza kukaa garini, mkoba magotini. Akifika alichomeka vijiti vitatu vya ubani mchangani, akaketi chini ya mwavuli na viatu vyake mguuni, akatazama maji mpaka jioni. Yunju aliamini mama mkwe wake anakuja ili apate cha kulalamikia.

Ukweli aliujua, lakini aliujua kama mtu anavyojua urefu wa mto. Tsungheng alimsimulia mara moja tu, kabla hawajaoana, akiwa amechuchumaa kwenye tairi. Alikuwa na kaka, Tsungyen, miaka minane. Ufukwe huu huu, mwezi wa saba, miaka arobaini na moja iliyopita. Tsungheng mwenyewe alikuwa mgongoni kwa mama yake, na mama yake alikuwa anamenya yai.

Na wazee wa pwani ile wana lao kuhusu wafu wa maji. Anayekufa kitandani anakwenda zake. Anayekufa maji hana njia. Anabaki pale pale, kwenye baridi, mpaka apate mwingine wa kumshika mguu na kumwachia zamu. Hapo ndipo anapanda kwenda kuzaliwa upya. Asipopata, anakaa. Mwaka, kumi, arobaini na moja.

Yunju alikuwa mtu wa dawa na vipimo. Mambo hayo aliyasikiliza kwa heshima, akapita.

Saa tisa hivi zamu ilikuwa yake. Boga alikuwa pembeni mwa maji, anachimba kisima, boya kiunoni. Tsungheng alikuwa amekwenda kufuata soseji za mkaa na vitunguu saumu, na ilionekana amekwenda kuzifuata Hong Kong. Na chupa mbili za supu ya choroko si mchezo. Yunju alikuwa amekaa amebana magoti kwa dakika kumi nzima.

“Mama.”

“Nini?”

“Nakwenda msalani. Dakika tano. Shika zamu.”

Mama Kimhua aliitazama filimbi kama amenyooshewa nyoka. “Mwezi wa saba mimi nipulize hiyo, pembeni mwa maji? Unajua ukipuliza wanakuja wangapi?”

“Usipulize basi! Piga kelele. Una sauti ya kuuzia samaki, wewe. Mtazame tu, usibandue macho.”

“Maisha yangu yote nimebandua macho lini?” alisema mama mkwe, akaipokea filimbi kwa kona ya leso, isimguse ngozi.

Yunju akaondoka kwa hatua za mtu anayebeba yai. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Alipotoka alinawa mikono, akaweka maji shingoni. Kwa vyovyote hazikuzidi dakika nane.

Kutoka juu ya ngazi aliona mwavuli wao, na chini ya mwavuli hakuna mtu.

Mama Kimhua alikuwa amesimama baharini. Maji yalikuwa yamempita vifundo, viatu mguuni, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa ameupa mgongo ulimwengu mzima, filimbi ikining’inia mkononi ndani ya leso, na midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anaongea na mtu, taratibu, kama unavyomsemesha aliyelala.

Kisima cha mchangani kilikuwa kimejaa maji. Boga hakuwepo.

“Mama! Mtoto yuko wapi?”

Mama Kimhua aligeuka. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa umetulia, na Yunju aliona utulivu ule ukivunjika pale pale mbele yake, kama sahani.

“Alikuwa hapa,” alisema.

Mbele yao mawimbi yalikuwa yanavunjika kushoto na kulia, na katikati palikuwa na ukanda wa maji laini, meusi, yasiyo na povu. Juu ya ukanda ule lilikuwa linakwenda boya la rangi ya chungwa. Linakwenda nje. Tupu.

Yunju hakukumbuka baadaye alivyofika kwenye kiti cha muokoaji. Alikumbuka tu kwamba alikimbia akipiga ukelele, na kwamba mchanga ulikuwa moto, na kwamba Dada Ayueh alikuwa ameshashuka kabla hajasema neno, ana boya la kuokolea begani. Wavulana wawili wenye mbao za kutelezea mawimbini wakatupwa majini kwa amri. Tsungheng akatokea na soseji nne, akaona, akaingia baharini na viatu na soseji zake.

“Pengine hayuko majini,” alisema Dada Ayueh, anavuta kipaza sauti. “Nusu ya wanaopotea hawako majini. Jina la mtoto?”

“Boga.”

“Jina, mama! La hospitali, la shule!”

“Usilitaje!” Mama Kimhua alikuwa amefika, anahema, amemshika Yunju mkono kwa kucha. “Usilitaje mbele ya maji, watamjua, watamjua ni nani!”

“Niache!”

“Nakuomba—”

“Niache, Mama! Umeachiwa mtoto dakika tano!” Akauchomoa mkono. “Kuo Yining! Anaitwa Kuo Yining! Miaka sita, nguo ya bluu!”

Dada Ayueh akalitoa kwenye spika. Kuo Yining. Kuo Yining, miaka sita, nenda kwa mtu mzima aliye karibu. Spika zilikuwa nne, kila moja ikichelewa kidogo kuliko mwenzake, na nyuma yao ulikuwa mlima. Kwa hiyo jina lilikwenda, likarudi, likakutana na jingine njiani. Ikawa kama wanaita wengi. Ikawa kama wengine wanaita kutoka huko nje, kwenye maji laini. Watu wachache waliokuwa wanaoga walitoka mbio. Bibi mmoja aliziba masikio ya mjukuu wake.

Wakaita mara tatu. Mara tano. Wavulana wa mbao walikuwa wamelifikia boya, wakaligeuza, wakatikisa kichwa.

Ukitaka kujua dakika ni ndefu kiasi gani, usimuulize mwenye saa. Yunju alisimama na viganja kinywani na kichwani mwake yakapita mambo ya duka la dawa, moja baada ya jingine, kwa sauti yake mwenyewe ya kazini: ubongo bila hewa, dakika nne. Dakika sita. Na chini ya sauti ile ikaja nyingine, ya garini, ndogo, yenye njugu mdomoni.

Nisiitike. Nisigeuke.

“Acha!” alipiga kelele. “Acha kuita! Acheni jina hilo!”

Alikipokonya kipaza sauti. Akakivuta mdomoni karibu mno kikalia kama nguruwe.

“BOGA! Boga, ni mama! Boga, tumbo lako la njugu! Boga, ukitoka nakupa barafu ya maziwa, Boga! Boga wangu!”

Ufukwe mzima uligeuka. Mtu mmoja alicheka, wala si kwa ubaya. Mama mzima analilia mboga kwenye spika nne. Mlima nao ukaita, Boga, Boga, Boga.

Kutoka kwenye ukuta wa mawe ya saruji, chini kabisa, kwenye upenyo ambao maji yalikuwa yanaingia na kutoka, ukatokea mkono.

Tsungheng alifika wa kwanza. Alimtoa kwa kumvuta kama mwana wa mbuzi, magoti yamechubuka, mdomo wa bluu, hai. Maji yalikuwa yameshamfika kifuani na kila wimbi lilikuwa linaongeza. Dada Ayueh alimkagua macho, akamgonga mgongo, akamsikiliza mapafu kwa sikio lake. “Amekunywa kidogo. Mpelekeni zahanati hata hivyo, leo hii. Msingoje kesho. Maji yanaweza kumgeukia usiku.”

“Kwa nini hukuitika?” Tsungheng alikuwa analia waziwazi. “Tumekuita, tumekuita!”

“Hamkuniita Boga.” Meno yake yalikuwa yanagongana. “Walikuwa wananiita Kuo Yining. Wengi. Nikajificha.”

Tsungheng akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

“Boya lilinivuka,” aliendelea Boga kwa Yunju, wakimpandisha ngazi ndani ya mataulo matatu. “Maji yalikuwa yananivuta huko. Sikushindana nayo. Nilikwenda ubavuubavu, kama Baba alivyonifundisha kwenye bwawa. Uso kwenu, kulia, kulia, kulia, mpaka kwenye mawe.”

“Vizuri sana, mama. Vizuri mno.”

“Nilimwona Bibi. Nilimpungia mkono.”

“Eh.”

“Hakunipungia.”

“Hakukuona, mama. Jua lilikuwa usoni kwake.”

Alisema hivyo akaendelea kupanda, ngazi tatu, nne. Kisha akakumbuka kwamba saa tisa, kwenye pwani ya mashariki, mtu anayetazama bahari jua liko kisogoni kwake.

Tsungheng alikwenda kuleta gari. Pembeni mwa maegesho palikuwa na bomba la kuogea, na Yunju akamsimamisha mtoto chini yake kumtoa chumvi na damu kabla ya zahanati. Mama Kimhua alikuja akasimama upande wa pili wa maji yale yanayomwagika. Viatu vyake vilikuwa vinatema mchanga. Filimbi aliishika bado, leso imeshuka, kamba imemzunguka vidole.

Yunju alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga kuanzia ngazi ya kwanza: ushirikina wako, hofu yako ya filimbi, mapazia yako, umemfundisha mtoto wangu kumkimbia mama yake. Akavuta pumzi.

“Nilimwona anaingia,” alisema Mama Kimhua.

Maji yakamwagika kichwani kwa mtoto.

“Aliingia pale panapoonekana pametulia. Mimi napajua pale. Hakuna mtu kwenye pwani hii anayepajua kama mimi. Na filimbi hii ilikuwa mkononi.”

“Mama, umechoka. Ni mshtuko. Kwa sababu ya mwezi wa saba hukutaka kupuli—”

“Mwezi wa saba nini! Mtoto wangu anakwenda na maji nitauliza mwezi?” Sauti ya kuuzia samaki ilitoka nusu, ikarudi ndani. “Miaka arobaini na moja nakuja hapa kumzuia. Nakuja namwambia, Tsungyen, baba, huyu si wa kwako. Yule si wa kwako. Vumilia. Kila mwaka namwambia mtoto wa miaka minane avumilie baridi. Leo nimemwona huyu anakwenda, na amenipungia mkono...”

Boga alikuwa ameinua uso chini ya bomba, macho amefumba, anatema maji na kucheka kidogo kwa sababu yalikuwa ya uvuguvugu.

“Nikamwambia Tsungyen, haya. Nikasema, haya baba, toka sasa. Ni muda wa kumenya yai tu, Yunju. Nilisimama nikangoja nimwone anatoka.”

Jina la Yunju lilikuwa limetajwa, pale pale, hatua hamsini kutoka baharini, na hakuna hata mmoja wao aliyeshtuka. Yunju alifunga bomba. Alimpandisha mtoto kiunoni, akageuza mwili, bega lake likawa katikati. Hakujua kwamba amefanya hivyo mpaka alipoona macho ya mama mkwe yakilifuata lile bega.

Gari lilikuwa linakuja, Tsungheng akipiga honi bila sababu.

Mama Kimhua akapiga hatua moja mbele, akaivua kamba vidoleni, akaisogeza filimbi mkononi mwa Yunju, akaushika mkono ule kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayempa mgeni chai.

“Yunju. Mwakani nileteni, nisipokuja atadhani nimekufa. Lakini huyu usiniachie tena penye maji. Nitakwambia nimepona, nitakwambia ni dakika tano tu. Nakuomba, mwanangu. Hata mimi mwenyewe nikikuomba, usinipe.”